Marehemu Aliyebeba Viti

Katika klabu yetu ya picha, picha mbovu ilikuwa na jina lake: marehemu. Ukikata watu vichwa, hiyo marehemu. Mkono ukitikisika, marehemu. Kwenye kompyuta ya klabu kulikuwa na folda yenye jina hilo, na mimi ndiye niliyelibuni. Kusema kweli nilijiona nina akili.

Tulipomaliza kitabu cha mwaka niliifuta folda nzima, nikabakiza picha moja ya kumtania Ngazi. Ngazi ni mpiga picha mwenzangu, mrefu mpaka milango inamwogopa. Siku ya michezo aliweka kamera chini akaruka kuupiga mpira kichwa, nami nikamnasa amefumba macho, uso juu, mdomo wazi, kama anayeitwa mbinguni na amekubali. Nikaiandikia majina yake yote matatu. Kisha nikapeleka kila kitu kiwanda cha uchapaji, folda hiyo ikiwa humo humo.

Vitabu vilifika asubuhi ya kufunga shule, ukumbi umeshajaa wazazi. Vikagawiwa moja kwa moja kutoka kwenye maboksi. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, nimeelekeza kamera kwa mgeni rasmi, nikisubiri afungue kitabu atabasamu. Akafungua ukurasa wa mwisho. Hakutabasamu. Nikavuta lenzi karibu nione kulikoni.

Fremu nyeusi. Mshumaa. Katikati, Ngazi anaitika mbinguni. Chini yake: neno Marehemu, majina yake matatu, na Tangulia, tutakukumbuka daima.

Fundi wa kiwandani alikuwa amenielewa kabisa.

"Kabla ya zawadi," mgeni rasmi akasema kwenye maiki, "naona kuna kijana wetu ametutoka. Tusimame dakika moja kwa ukimya, halafu nitamtaja jina."

Ukumbi ukasimama. Walimu wakatupiana macho ya "mbona mimi sikuambiwa," lakini kila mmoja akainamisha kichwa, maana hakuna aliyetaka kuonekana ndiye pekee asiyejua. Kwenye mlango wa pembeni akatokea Ngazi mwenyewe, amebeba viti vitatu vya wageni waliochelewa. Alipoona watu wamesimama kimya, akaviweka chini taratibu, akakunja mikono, akajiombolezea kwa heshima zote.

Ningecheka, kama si safu ya tatu. Pale alisimama bibi yake, aliyemlea tangu ananyonya. Ana presha. Ngazi huwa anasema hata simu ikilia ghafla inampanda. Kitabu chake kilikuwa bado kimefungwa juu ya mkoba, na mgongo ameuelekeza kule kwenye mlango. Baada ya dakika moja angesikia majina matatu ya mjukuu wake kwenye maiki.

Nikaanza kupenya safu ya tatu, nikikanyaga viatu vya wazazi wa watu.

"Bibi," nikamnong'oneza. "Shikamoo."

"Marahaba. Tulia, mwanangu, watu wanaomboleza."

"Huyo wanayemuombolezea hajafa."

"Eh? Sema upande huu, hilo sikio halisikii."

Nikazunguka. Jukwaani mgeni rasmi alikuwa ameanza kuangalia saa yake.

"Ni mzima, Bibi. Ni makosa."

"Nani mgonjwa?"

Mgeni rasmi akakohoa, akaisogelea maiki. Sikuwa na njia nyingine.

"Bibi, Ngazi hajafa!"

Ukumbi mzima uligeuka. Bibi alinitazama, nikaona nusu tu ya neno ndiyo iliyomwingia, ile ya "fa", si ile ya "haja". Nikamshika mabega nikamgeuza kuelekea mlangoni.

"Nani amekufa?" Ngazi akauliza kutoka kule.

Bibi akakaa, kidogokidogo, kama anayeshushwa kwa kamba. Ngazi akaja, akapiga magoti mbele yake. Bibi alimpapasa uso, masikio, shingo, kisha akamkamata kifundo cha mkono.

Mwalimu mlezi wa klabu alikuwa ameshafika na kitabu wazi. "Nani aliandika marehemu?"

"Mimi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa utani."

Hata mimi niliposikia sauti yangu ikilitamka hilo neno mbele ya yule bibi, nilitamani sakafu inimeze.

"Nionyeshe picha yake nyingine," Bibi akaniambia. "Ile yenye macho."

Nikafungua kurasa zote, mbele hadi nyuma. Mwaka mzima Ngazi ndiye aliyeshika kamera. Haikuwepo.

Bibi akakifunga kile kitabu taratibu; afadhali angenitukana.

Mwalimu akanivua kamera shingoni, akampa Ngazi aendelee na kazi. Ngazi akaipokea kwa mkono wa kushoto, akaiegemeza kwenye paja. Ule wa kulia Bibi hakuuachia. Zawadi zikatolewa, hotuba zikaisha, wageni wakaaga, na hakuna hata picha moja iliyopigwa.