Kiu ya Kanini

Gitari hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, maana kabla hatujafika mwisho mtamtukana, na mtakuwa na haki. Alikuwa mtu wa tamaa ndogondogo, na iliyozizidi nyingine zote kwa ukubwa ilikuwa tamaa ya pikipiki.

Nyumbani kwake, juu kule Ishiara, hakukuwa na mfereji wala kisima. Maji yalitoka mtoni, na kwa miaka mingi yalipanda mlima mgongoni kwa mkewe, Rwamba, mtungi wa plastiki umeshikiliwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Shingo ilimuuma mpaka usingizini. Ndipo akina mama wa chama chake walipomnunulia punda jike, mdogo, masikio yamelegea, akamwita Kanini. Tangu siku hiyo Rwamba alitembea ameinua kichwa. Punda huyo akiondoka, mukwa unarudi. Gitari alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Basi mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura akatangaza mbio za punda siku ya soko: kutoka njia panda ya juu hadi darajani, kila punda na mitungi miwili mitupu, mwenye punda akikimbia nyuma yake na kamba mkononi. Zawadi ni tangi kubwa la kuwekea maji. Rwamba akamwandikisha Kanini. Kwenye hoteli ya chai pale soko la mifugo watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Punda wa maana alikuwa Turbo, dume la Ngari wa Siakago, mapaja kama ya fahali.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni Kathuri, dalali wa mifugo kutoka Mikinduri, kwa Wameru. Punda akinunuliwa na Kathuri haonekani tena. Kinachoendelea na safari ni ngozi.

"Nyinyi chekeni," alisema. "Mimi namshika huyo mdogo."

"Unamshika vipi?" Gitari akauliza.

"Akishinda ni wangu, naondoka naye hapo hapo. Akishindwa, chukua ile pikipiki yangu pale nje. Ama unaogopa, mzee?"

Gitari aliitazama pikipiki. Nyekundu, kiti bado kina nailoni. Huyu Mmeru ana wazimu, alijiambia, anataka kunipa pikipiki ya bure. Akampa mkono mbele ya watu wa soko la mifugo, na mkono uliotolewa pale haurudishwi. Ukiurudisha, hakuna atakayenunua kwako hata kuku. Mkewe hakumwambia neno. Alipanga kufika nyumbani akiwa juu ya pikipiki, kisha maelezo yafuate.

Sasa sikieni upumbavu wa mtu aliyelelewa kwenye ng'ombe. Gitari alitaka kuhakikisha kwamba Kanini hashindi. Alijua ng'ombe akinyimwa maji hulegea, miguu huwa mizito, hata fimbo haimwamshi. Akamwambia Rwamba, "Mama Murugi, nitampeleka punda kwa ndugu yangu apumzike kabla ya mbio." Rwamba akafurahi, akamshukuru kabisa. Kule kwa nduguye akamfunga Kanini kwenye mti, mbele yake majani makavu, na maji hakumwonyesha. Kila alipopita, punda alimgeuzia kichwa. Gitari aliona haya, lakini akapita.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali. Firimbi ilipolia, Turbo akatoka mbio, wengine nyuma yake, na Kanini akabaki wa mwisho akijivuta. Gitari alikimbia polepole nyuma yake, roho imetulia, anajiuliza atapaka pikipiki rangi gani kwenye tangi la mafuta.

Walipofika kwenye kona ya mteremko, upepo ukapanda kutoka mtoni. Kanini akainua kichwa. Masikio yale yaliyolegea yakasimama. Punda si ng'ombe, jamani. Kiu haimlazi, humtia wazimu.

Alitoka pale kwa kishindo, mitungi ikigongana mbavuni. Gitari akaizungusha kamba mkononi na kuvuta kwa nguvu zake zote. Alivuta nyuma, Kanini akavuta mbele, na watu wa kando ya barabara wakashangilia kumwona mzee anavyong'ang'ana na punda wake. Kamba ikamchuna viganja. "Simama," alimsihi kwa Kimbeere, lugha ya kwao, "simama, tafadhali." Wakampita mmoja, wakampita mwingine. Turbo, aliyekuwa ameshiba maji asubuhi na hana haraka na mto, alikuwa akitembea aliposikia kishindo, na hakupata hata nafasi ya kugeuka.

Kanini alipita darajani wa kwanza, hakusimama, akateremka moja kwa moja hadi majini. Gitari aliiachia kamba, akaketi chini, akalia. Watu wakasema ni furaha.

Rwamba alikuja akikimbia, leso imeanguka shingoni. "Nilikwambia!" alisema. "Si nilikwambia, Baba Murugi?" Akamshika bega, akaona uso wake, akaona Kathuri amesimama nyuma yake, amevua kofia kama mtu aliyekuja matangani.

"Mama, pole," Kathuri alisema. "Mimi na mzee tulikubaliana. Lori liko pale juu."

Rwamba alimtazama mumewe. Gitari alimweleza yote palepale, maana hakuwa na mahali pa kujificha: mkono aliotoa, pikipiki, na mti kule kwa nduguye. Rwamba alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimnyima maji?" aliuliza. Hilo tu ndilo aliloliuliza.

Gitari akainamisha kichwa.

"Ngoja anywe kwanza," Rwamba alimwambia Kathuri, na Kathuri akangoja. Kanini alikunywa, akapumua, akanywa tena, tumbo likitetemeka. Rwamba alisimama kando yake majini, akimsugua shingo, mpaka punda aliposhiba mwenyewe. Kisha akamfungua mitungi, akampa Kathuri kamba, wala hakuwatazama wakipanda kwenda kwenye lori.

Vijana wa mheshimiwa wakaja kuuliza tangi lipelekwe wapi.

"Lipelekeni nyumbani," Rwamba alisema.

Akajaza mtungi mmoja. Akamwomba jirani mukwa, akauweka kwenye paji la uso, akainama, akauinua mzigo. Gitari aliinuka kumpokea.

"Acha," Rwamba alisema. "Wewe tangulia, unifungulie mlango."