Koti la Kijani la Filbert

"Ulimwona au hukumwona?" Jirani yangu Scolastika alinizibia mlango wake, mwiko mkononi. "Mwezi uliopita ulisema umemwona kwa macho yako!"

"Nilimwona, dada Scola. Ila macho yenyewe ndiyo yale ya zamani."

Baridi ya Njombe imetufundisha kutambuana kwa makoti. Mimi nilizidisha. Sikuona mbali, na kioo cha jicho kilikuwa kimepinda, kila taa ikawa na mkia. Miwani niliikataa, nisije nikaonekana bibi. Nikawa nasoma makoti na kusambaza habari. Kwangu wageni hawakosi, na wageni hawakosi cha kusikia. Ndipo nikaona koti la kijani stendi ya Makambako, limemkumbatia mwanamke. Nikatangaza: Filbert, mume wa Scolastika! Alipojitetea kwamba koti alishaliuza, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Scolastika akamfukuza, Filbert akahamia kwa kaka yake Makambako.

Kisha binti yangu Noela akanipeleka Dar es Salaam kurekebishwa macho kwa leza. Nilikodolea macho kinukta cha kijani, nikasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, nikasali rozari nusu, kumbe wameshamaliza. Kesho yake nilisoma kwa sauti kila kibao cha barabarani mpaka Noela akaona aibu.

Leo, nikirudi, basi likasimama Makambako. Koti lile pale, na mwanamke yule yule! Nikashuka mbio nimwumbue. Hatua kumi tu, nikaona masharubu. Filbert hajawahi kuota hata unywele mdomoni. Alikuwa Lenard, dalali wa viazi aliyelinunua koti lile, na mke wake wa ndoa.

Nikaliacha basi liondoke. Nikaenda kumchukua Filbert, na sasa alikuwa amesimama nyuma yangu na begi lake.

"Kwa hiyo nimelala peke yangu mwezi mzima, na baridi hii, kwa sababu ya koti?" Scolastika akauliza.

"Kwa sababu yangu," nikasema. Hakuna habari iliyowahi kunishinda kuitoa kama hiyo.

"Na wote uliowaambia?"

"Nitawarudia nyumba kwa nyumba. Naanza na Conjesta."

"Huyo akishajua, wengine huna haja ya kuwafuata."

Filbert akacheka kwanza. Scolastika akajikaza, akashindwa. Akampokea mumewe begi.

"Kanawe mikono, baba. Na wewe Mama Noela ingia tule, usije ukasimulia huko nje kwamba nimekunyima ugali."