Waya Uliokataa Hatua

...na anafuta miwani tena, mkuu wa idara, anaipulizia na kuisugua kwa ncha ya tai, akianza hivyo najua habari si njema, anasema mashine ile kuukuu, binti, imechoka, nami naitikia kwa kichwa, sikubali, shingo tu ndiyo yenye adabu... vipimo arobaini na moja anataka nivifute, maana kitabu chake kinasema waya ukipozwa umeme huzidi kupita kwa urahisi kidogo kidogo, hatua kwa hatua, na waya wangu hautaki hatua, ukifika baridi fulani unaruka, umeme unapita kwa mkupuo, ghafla, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao, saini ni yake, mkono unaonilisha ndio niuambie umekosea?... mama alikuwa dobi, nimekulia katikati ya mashuka na mvuke, siku moja nikamuuliza kwa nini shuka hukauka hata jua lisipotoka, akasema, pasi mkononi, "Sijui mwanangu, kaliulize shuka lenyewe," nikaenda nikaliuliza, nikatundika vipande sita, kivulini, penye upepo, pasipo upepo, nikaandika saa za kila kimoja ukutani kwa mkaa, nikachapwa kwa ajili ya ukuta, baba akacheka akaniita Kwanini, jina likaganda, kaka yangu mpaka leo akipiga simu ni Kwanini, hujambo... anasema kitu kuhusu heshima ya idara... na yule mwalimu wa fizikia aliyenitoa darasani kwa maswali mengi, nikalisikiliza somo nikiwa nje ya dirisha, nikawapita wote waliokuwa vitini, halafu miaka miwili ya kuosha chupa humu humu maabara, wenzangu wakienda kula fundi ananifundisha kusoma mita, fundi huyo huyo aliyeniazimia mashine ya chuo jirani, mpya, nikarudia vyote arobaini na moja, waya ukaruka pale pale, nimemwambia mkuu mara mbili, naona hakusikia, au alisikia... anasugua kioo kile kile kwa mara ya tatu, sijawahi kumwona hivi, kumbe naye anaogopa, miaka ishirini ya kitabu kile, na ndiye aliyenitoa kwenye chupa akanipa meza, wengine wakinong'ona, sitaki kumshinda mzee huyu, nataka aje akae kwenye kiti changu, aupoze waya kwa mkono wake, aone sindano ya mita inavyoruka, nimwambie hivyo tu, njoo uone, mkuu, kisha saini yako ni juu yako... "Tunaelewana, binti?" ananiuliza, miwani bado haijatakata, hofu niliyoingia nayo naitafuta siioni, maana kichwani nimeshakata waya wa pili, mwembamba kuliko unywele, nimeshaufunga kwenye mashine, na natamani kujua huu utarukia baridi gani...