Bido yenye kuvimba tumbo

"Usiiguse! Verdiane, nasema usi..."

"Shi weye njo uliifunga na nguvu yote, sasa..."

"...guse! Ipasuke, halafu wale wa juu ya kilima waseme tumewarushia bombe?"

"Papa Igiraneza, punguza sauti! Weye njo utapasuka wa kwanza!"

Bido njo ikawajibu wote wawili. Tik.

Ilikuwa pale katikati ya nyumba yao ya mbao, ile bido kubwa ya bleu, pipa ya plastiki ya kifuniko ya kunyonga, na ilikuwa imevimba kama mwanamuke wa miezi tisa. Hata chini ilikuwa imefanya mviringo. Ndayambaje, bwana ya Verdiane, akikanyaga ubao, bido inayumba yenyewe, tik, tik, kama iko na muntu ndani.

Ndani mulikuwa maganda ya ndizi tu, yale wapika kasiksi, pombe ya ndizi, wa Bihambwe wanatupaka. Magloire, agronome, njo alimufundisha Verdiane: kata ndogo-ndogo, anika siku moja yanyauke, changa na pumba ya mahindi na maji ya muwa, shindilia mpaka hewa isibakie, funga juma moja. Ganda mbichi inakamata ulimi, nguruwe anaionja, anageuka. Yenye kuchacha inakuwa laini, inamujenga mwili.

"Lakini siku za kwanza," Magloire alisema, "kila asubui mulegeze kifuniko kidogo, ijambe."

Walicheka mpaka machozi. Kesho yake risasi zikalia, Bihambwe yote ikakimbilia Muheto. Siku sita. Nani angerudi mu vita juu ya kujambisha bido?

Leo wamerudi. Viazi mu shamba, watu wengine wameisha kuchimba. Mu kizimba, nguruwe yao alikuwa anatafuna mbao. Walimuita Dipulome, sababu watoto wake njo wangelipia mutoto wao Igiraneza masomo. Sasa mbavu zilionekana, na tumbo ya mimba ilikuwa inagusa chini. Asipokula leo, atazaa wafu. Ao atazaa wazima, awakule.

Na kule juu kulikuwa watu wa bunduki. Jana tu, majirani walisema, toli moja ya mabati ilianguka kwao, paa! Wale wa juu wakajibu na risasi bila kuuliza. Kupitia matundu mapya ya mabati, jua ilikuwa inamuchoma Verdiane mu shingo.

"Tuache," Ndayambaje alinong'ona. "Nguruwe tutapata mwingine."

"Utamupata wapi, mu mufuko ya suruali?"

Verdiane akalowesha kitenge, akafunika kifuniko, akapiga magoti. Maji ya kitenge yakamwangukia mu mapaja. Akanyonga kidogo. Hakuna. Akanyonga tena.

Fssss.

"Inapiga filimbi," Ndayambaje akasema, amejibana mu pembe. "Mama weee, inapiga filimbi!"

Kweli. Filimbi ikapanda, nyembamba, kali, ikatoka kupitia matundu ya mabati. Verdiane akataka kurudisha kifuniko, ikakwama. Haiendi, hairudi.

Mulango ukafanya giza.

"Kunalia nini humu?"

Kijana wa bunduki. Kidole yake ilikuwa pale vidole havipashwi kuwa. Verdiane akaachia kifuniko, akainua mikono.

"Chakula ya nguruwe, chef."

"Chakula inalia?"

"Inachacha, chef. Ni maganda. Ni maganda tu."

Mudomo ya bunduki ikateremuka, ikaangalia bido. Bido ikayumba. Tik. Verdiane akafunga macho, akawaza Igiraneza aliyebaki Muheto kwa shangazi, akawaza nani atamwambia kama mama yake alikufa juu ya maganda.

Risasi haikulia. Akasikia muntu ananusa, mara moja, mara mbili, kama muntu yenye kurudi nyumbani saa ya kula.

"Nani alisahau kuilegeza?"

Ndayambaje akamuonyesha bibi yake. Verdiane akamuonyesha bwana yake.

Kijana akainama, akajaribu kifuniko na mukono moja. Filimbi ikazidi. Akaangalia Ndayambaje, bado amejibana mu pembe, akatikisa kichwa. Halafu akatoa bunduki mu bega, akamunyooshea Verdiane.

"Mama, unishikilie hii kidogo. Kifuniko inaomba mikono mbili."