Kamera ya Njiapanda

Watu wa utalii walitaka filamu fupi ya ile njia ya zamani ya mlimani, iliyopitiwa na ng'ombe na wapagazi kabla ya majani chai kufika huku Kiptere. Nikafunga kamera kwenye nguzo ya ua, ng'ambo ya njiapanda, ikawa inapiga picha moja kila baada ya muda kidogo, kutwa nzima. Ukiziunganisha, wapita njia wanaruka kama siafu waliomwagiwa maji. Nilidhani ni kazi rahisi, na mimi sipendi kazi ngumu.

Jumamosi ya juma hilo radi ikamuua Nyabuto pale pale njiapanda. Alikuwa soja wa usiku katika kiwanda cha chai. Kila Sabato akitoka kazini hukutana na mkewe Elmina hapo, wakapanda kanisani pamoja. Desturi ni kwamba aliyetangulia huweka tawi la majani kwenye njia aliyoishika, na anayemfuata huliokota, lisipotoshe wengine. Siku hiyo Elmina alikuta tawi, akaliokota, akaharakisha kupanda. Kanisani mume hayuko. Na kwa kuwa njia ya pili inashuka kwa muuza busaa, majirani, ambao midomo yao haiheshimu hata msiba, wakasema Nyabuto aliweka tawi kumhadaa mke, akaenda kulewa, radi ikamkuta akirudi. Elmina akaamini. Kaburini hakutoa chozi.

Baada ya matanga akaja studio kwangu. Alitaka kujua jambo moja tu: mumewe alishuka kwa busaa au hakushuka. Nilimsihi aache. Akavuta kiti, akakaa.

Tukatazama. Wasichana wawili wa kwaya waliruka, mmoja akainama, na picha iliyofuata tawi lilikuwa chini, wamewawekea wenzao. Kisha Elmina, na tawi likatoweka. Halafu Nyabuto akafika akiwa na koti la kazi, mwavuli wao mmoja kwapani. Akachungulia chini. Hakukuta tawi, basi akajua mke bado.

Yeye hakuruka. Watu wote walipita mbio kando yake, naye yupo. Amesimama. Amekaa kwenye jiwe. Amesimama tena, anatazama upande ambako mkewe hutokea. Mawingu yakashuka, watu wakatimka. Nyabuto akafungua mwavuli, akabaki.

Nikazima hapo. Machozi yalinitoka, mimi ambaye hulizwa na vitunguu tu. Nikamwambia Elmina kwamba sasa angalau roho yake itatulia, mumewe hakwenda kulewa.

Akaendelea kuutazama ule uso mweusi wa kompyuta.

"Mama Lynn, heri angeenda kulewa," akasema. "Saa hii ningekuwa kwa nyumba, namgombeza."