Kelele za Darasa la Sita

Tangu Jumatatu Mwalimu Tekla hakutulia kitako. Chai alikunywa amesimama, madaftari alisahihisha ameegemea dirisha, na nyumbani mumewe Dionis alimhesabia mpaka mara ya saba akaacha: mara ameinuka mezani kufunika mtungi ambao umeshafunikwa, mara kumfukuza kuku ambaye hayupo.

Kisa chenyewe barua. Aliileta Padre Cletus, paroko wao na msimamizi wa shule yao ya misheni huku nyuma ya mji wa Mtama. Ofisi ya elimu ya jimbo ilimtaka Tekla ashike ukuu wa shule kuanzia Januari, mahali pa Sista Agnes aliyehamishwa. Jibu liwe la maandishi, Ijumaa asubuhi, Padre akienda Lindi alibebe mwenyewe. Na Padre hakumficha: akikataa safari hii, jina lake haliulizwi tena.

Ukuu aliutaka. Tusidanganyane. Miaka kumi na minne alikuwa mwalimu wa taaluma, anajua dawati gani lina mguu mbovu na mama gani hasikii kengele wala barua mpaka umfuate shambani. Tangu Sista aondoke Septemba, Tekla ndiye aliyekuwa kaimu. Lakini kazi za ukuu alizifanyia pembeni ya meza yake ya zamani, chumba cha walimu, kati ya chupa ya chai na rundo la ramani. Ofisini kwa Sista aliingia kufuta vumbi tu. Kile kiti alikifuta vizuri mno, akakizunguka kama mtu anayezunguka chatu aliyelala.

Jumatano akaandika kukataa. Sijawa tayari, aliandika. Semina ya uongozi sijahudhuria, elimu yangu stashahada. Yote kweli, na yote visingizio. Sababu yenyewe hakuiandika. Sababu ilikuwa na pikipiki nyekundu na ilikuwa inaitwa Ignatius.

Ignatius alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mwenye kichwa chepesi kama nini, watoto wanampenda. Ila msimu wa korosho ulipoanza, mguu wake mmoja ukahamia ghala la ushirika. Kila siku "mara moja tu, mwalimu, napimisha magunia mawili narudi." Magunia mawili hayo yalikuwa hayaishi. Na kila alipoondoka, Tekla aliokota chaki akaingia darasa la sita badala yake. Wiki ya tatu sasa anafundisha hesabu za sehemu, yeye mwalimu wa Kiswahili. Alijiambia ni kwa ajili ya watoto. Lakini akipiga mswaki asubuhi alijiuliza: mtu ameshindwa kumwambia kijana mmoja aingie darasani, walimu kumi na wanne atawaweza wapi?

Ijumaa alifika na bahasha yake mkobani, akaukuta mlango wa ofisi uko wazi. Kwenye kiti cha mkuu alikuwa amekaa Bashiru, mpishi wa uji wa shule, kanzu yake ya Ijumaa tayari mwilini, mwiko mkononi.

Bashiru alikuwa mtani wake. Koo zao zinazikana tangu enzi za mababu, na mtani ukimkuta kwenye kiti chako humkasirikii. Unacheka, unalipa ushuru wake, anaondoka. Akichukua chako, humdai.

"Shikamoo," alisema Tekla.

"Marahaba, maiti wangu. Hodi hujapiga, lakini ingia. Mimi ndiye mwalimu mkuu. Kiti nimekikuta hakina mtu, huu mwezi wa pili sasa."

Tekla akacheka, akamwambia uji utaungua. Bashiru akasema uji una mwangalizi wake, ndiyo maana mkuu anaweza kukaa. Kisha akamwelekezea mwiko.

"Nimekuita nikuulize. Hesabu la sita anafundisha nani?"

"Ignatius."

"Mwongo. Anafundisha maiti wangu. Sasa mimi nimeona Ignatius ndiye mkuu wa shule hii. Yeye akitaka kwenda, anakwenda, na wewe unashika chaki. Wewe ni dada wa kazi, tofauti huna sare."

Alisema kwa kucheka, lakini ilimwingia Tekla kama mwiba wa samaki. Akafungua mkoba haraka amtafutie sarafu, amalize utani. Bashiru akanyoosha mkono. Sarafu hakuigusa. Alichukua bahasha, akaipeleka mfukoni mwa kanzu, akainuka.

"Hiyo ni ya Padre," Tekla alisema.

"Ilikuwa," alisema Bashiru, akaenda zake jikoni.

Kengele ya kipindi cha pili ikalia. Huko nje pikipiki ikanguruma, ikashika njia ya ghalani. Darasa la sita likaanza kama kawaida, kwanza mnong'ono, halafu kicheko kimoja, halafu dawati likaburutwa.

Mkono wa Tekla uliokota chaki wenyewe. Alikuwa ameshafika mlangoni kwa la sita aliposimama. Kuingia ilikuwa rahisi, hatua mbili tu. Akageuka, akakaa kwenye kibaraza, akaiminya ile chaki mpaka ikavunjika. Akatoa simu.

"Ignatius," alisema, "kipindi chako kimeanza. Mimi siingii."

Akakata kabla hajasikia habari za magunia.

Jamani, dakika zile. Kelele zilipanda mpaka bati likaitika. Mwalimu wa la tano akachungulia, akamtazama Tekla, akarudisha kichwa ndani. Kila mlio wa dawati ulimvuta goti. Aliinuka mara mbili, akakaa mara mbili. Na gari la Padre, ambalo siku zote linachelewa, siku hiyo likawahi.

Padre akashuka, akasikiliza, akauliza darasa gani lile.

"La sita, Padre. Lina mwalimu wake. Anakuja."

"Nani yuko nao?"

"Hakuna. Ndiyo namngoja."

Padre akatazama saa, akatazama kibaraza, akakaa. Dakika kumi na nane baadaye pikipiki nyekundu ikaingia na vumbi lake, Ignatius akashuka na maganda kwenye shati. Alimwona Padre, akataka kuanzia kwake kujieleza. Tekla akamkatiza, sauti haikupanda.

"Maelezo utanipa mimi, saa nne, ofisini. Sasa watoto."

Ignatius akaingia. Kelele zikakatika kama zimefunikwa sufuria.

Padre akanyoosha kiganja. "Barua yangu?"

"Imechukuliwa na mtani."

Padre alikuwa mtoto wa Njinjo, mkoa huohuo, mambo ya utani anayajua. Alitazama upande wa jikoni, moshi unapanda, akashusha pumzi. Kumdai mtani hata askofu hawezi.

"Ilisemaje?"

"Ilisema sijawa tayari."

"Na hujawa?"

"Bado," Tekla alisema. "Leo ndiyo nimeanza. Waambie ndiyo. Na waambie hesabu sifundishi tena."

Padre akacheka, akampa karatasi aandike hilo la kwanza palepale, akasema la pili atalisema kwa mdomo. Gari lilipoondoka, Tekla alikwenda ofisini. Alikaa kwenye kiti, ncha tu, kama mgeni. Kutoka darasa la pili likasikika dawati likiburutwa. Alishika mikono ya kiti kwa nguvu, akahesabu kimoyomoyo, akingoja sauti ya mwalimu wa la pili.