Sauti ya Mkalimani

Kwa miaka kumi na sita Rehemah alikuwa mdomo wa watu wengine. Mkalimani wa mahakama haongezi wala hapunguzi. Mshtakiwa akitukana, naye hutukana kwa Kiingereza bila kupepesa jicho. Maneno yake mwenyewe aliyaacha nyumbani Bombo, na mumewe aliyapata yote jioni.

Asubuhi hiyo alisimama kando ya Augustin, fundi viatu kutoka Bukavu, aliyekaa rumande Luzira miezi thelathini kwa wizi wa duka huko Mengo. Mwendesha mashtaka, suti imenyooka kuliko maneno yake, alimwambia hakimu kwamba mlinzi wa duka alirudi kwao bila kuandikisha maelezo. Kisha akalainisha sauti: mshtakiwa akikiri, serikali haitapinga aachiwe leo.

Bila kuandikisha? Maelezo ya mlinzi huyo, Wanyama, Rehemah mwenyewe ndiye aliyeyatafsiri polisi, na saini yake ya mkalimani ipo chini. Wanyama alimtaka amsomee mara mbili: mwizi nilimwona usoni, si huyu fundi. Karatasi haina miguu. Rehemah alimtazama mwendesha mashtaka, naye akainamia faili lake.

Alimtafsiria Augustin neno kwa neno, kama kazi ilivyotaka.

"Mama, nilishachoka," Augustin alinong'ona. "Sikuiba, Mungu anajua. Lakini mutoto yangu hanijue tena. Uwaambie nilifanya."

Angeweza kuyasema hayo na kwenda zake kunywa chai. Badala yake akamwinamia amwambie lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kuna karatasi ya yule askari wa duka, imesema si wewe. Wameificha. Nikisema, unaweza rudi ndani kwanza."

Augustin alishika ukingo wa kizimba. "Aliandika kweli?"

"Aliandika. Mimi mwenyewe nilisoma."

Machozi yakamtoka. "Basi sema, mama."

"Mshtakiwa anajibu nini?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, anasema hakuiba. Na sasa naomba kusema langu."

Alilisema lote. Hakimu aliamuru maelezo yale yaletwe baada ya wiki mbili. Mchana Rehemah akapewa barua ya kusimamishwa kazi, na Augustin akapandishwa basi la magereza. Dirishani alipaza sauti: "Mama! Umwambie bibi yangu sikukubali!"

Ujumbe ule Rehemah aliufikisha mwenyewe kwa mke wa Augustin, bila kuongeza wala kupunguza neno.